Nguo za Wifi

Jina lake la ubatizo lilikwisha kusahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mama Haidhuru, na yeye mwenyewe aliitikia. Ukimkanyaga mguu, haidhuru. Ukija kuchukua gauni lako ukamkuta ameshafunga duka, atafungua tena, haidhuru. Mteja akidai mshono umepinda, na mshono haujapinda, atafumua na kushona upya, haidhuru mama, ndiyo kazi. Kanisani ndiyo usiseme. Mama mchungaji alizoea kuwaambia wasichana wa kwaya, "Mnataka kuujua upole wa Kikristo? Nendeni mkakae kwa fundi wetu wa cherehani mumtazame." Fundi akisikia hayo huinamisha kichwa, na moyoni anaona raha. Tusimcheke. Nani asiyependa kusifiwa?

Lakini hebu lichunguze neno lenyewe. Haidhuru ni neno lisilo na ndugu. Husikii mtu akikanyagwa akasema "inadhuru". Ama utasema haidhuru, ama utamtukana mtu, na katikati hapo hamna kitu. Mama Haidhuru hakujua kutukana, basi akabaki na neno moja tu maisha yake yote. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na nadhani wahenga nao walikuwa na mawifi.

Maana huyu wifi, jamani. Alikuwa dada wa mumewe, msusi, mwanamke wa haja, mwili umejaa na anaujua, magauni yake yote ya kukaa mwilini. Mwenye nyumba wake alimtaka ahame, akaja na mabegi yake na sanduku la vitana na rasta. "Wiki moja tu, wifi yangu. Nikipata chumba natoka." Mama Haidhuru akamjibu, "Haidhuru wifi, hapa ni kwa kaka yako." Akawatoa watoto chumbani kwao, akawatandikia kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, ambacho ndicho duka lake, chini pale kati ya mabaki ya vitambaa. Asubuhi moja mdogo aliamka na pini kwenye kiwiko. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa, mara nyingi yuko njiani. Alipopigiwa simu alisema, "Si umekubali mwenyewe?" Kweli, alikuwa amekubali mwenyewe.

Wiki ikazaa mwezi, na mwezi nao ukazaa.

Wifi hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Aliwasuka watoto wa jirani bila malipo, na mgonjwa wa mtaani hakosi kumwona. Ila mdomo wake haukuwa na kizingiti. Lolote linalofika ulimini linatoka, tena mbele za watu. "Mchuzi huu umepoa kama mwenyewe." "Haya mashuka mnayapiga pasi au mnayakalia?" "Mbona hawa watoto hawasemi, au wamezaliwa na bubu?" Mama Haidhuru hucheka kidogo, anainuka, anaupasha mchuzi moto.

Siku moja dukani, wateja wamejaa kwenye benchi, Wifi alipita akielekea saluni, akasimama mlangoni akamtazama fundi anavyofumua tena nguo ya mtu. "Kaka yangu alitafuta mke," akawaambia wateja, "akapewa mto. Ukiubonyeza unabonyea." Benchi zima likaangua kicheko. Mama Haidhuru naye akacheka nao. Wifi akamtupia mapajani gauni lake la kijani. "Limefumuka pindo, wifi. Ukimaliza ya watu."

"Haidhuru," alisema Mama Haidhuru.

Wateja walipoondoka alilishona lile pindo. Alikwisha kulishona, uzi ameukata, kazi imekwisha. Kisha mikono ikaligeuza gauni ndani nje, ikaenda kwenye mshono wa ubavuni. Wanaoshona wanajua: gauni la kubana, kitambaa kizito, ukiuingiza mshono ndani kiasi cha upana wa uzi mnene tu, upande huu na upande huu, jicho halioni kitu. Mwili ndio unaoona. Hakujiambia chochote. Mguu ulikanyaga, sindano ikaenda, akafumua mshono wa zamani nyuma ya mpya, akapiga pasi. Halafu akasikia raha, raha ile ya kukuna mahali palipokuwa pakikuwasha tangu asubuhi. Jioni Wifi aliporudi alikuta chakula cha moto na uso wa tabasamu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na kilichoanza kwa raha hakiishi kwa siku moja. Nguo zote za Wifi zilipitia mikononi mwake, kwa kuwa Wifi hakupenda kupiga pasi. Neno likitoka, uzi unaingia. Mchuzi umepoa? Gauni la maua. Watoto mabubu? Sketi ya bluu. Fundi alikuwa na kipimo chake, na hakumwonea Wifi kuliko alichosema.

Siku zikapita. Wifi akaanza kukaa mbele ya kioo kuliko kawaida. "Hebu nivutie hii zipu." Zipu ikavutwa, ikapanda kwa shida. "Hizi nguo zinarudi kwa kufuliwa, au?"

"Labda sabuni," alisema Mama Haidhuru.

Wifi akaacha sukari kwenye chai. Kisha akaacha chakula cha jioni. Sasa mtu mwenye njaa hana adabu, na Wifi hata aliposhiba adabu ilikuwa ya kuazima, kwa hiyo ule mdomo ukazidi makali, na cherehani nayo ikazidi kukimbia. Anavyozidi kujinyima ndivyo nguo zinavyozidi kumbana. Mama Haidhuru alikuwa akisali kila asubuhi kabla hajaitia mashine mafuta, akiomba Mungu amzidishie subira, na kusema kweli aliona Mungu anamsikia, kwa sababu siku hizi maneno ya wifi yake hayakumuuma kabisa.

Hadi mchana ule Wifi alipoingia dukani, akafunga mlango nyuma yake, akaketi kwenye benchi la wateja. Hakusema chochote juu ya nyuzi zilizotapakaa sakafuni. Hapo tu ungejua kuna jambo.

"Wifi, mimi naumwa."

"Unaumwa nini, wifi yangu?"

"Ugonjwa wa mama." Alikuwa akivuta mkono wa gauni, unavyombana kwapani. "Wewe hukumkuta mama. Ulipoolewa alikuwa ameshatangulia. Mama alianza hivi hivi. Alisema nguo zinambana, sisi tukamcheka, tukamwambia mama, unanenepa kwa raha za wajukuu. Kumbe ni maji. Figo zilikuwa zimeacha kazi. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, na sisi tukarudi bila yeye." Akaushika ubavu wa gauni. "Mimi sili, wifi. Unaniona sili. Mtu asiyekula ananenepaje?"

Mama Haidhuru aliiacha sindano katikati ya mshono. Alijua mama mkwe alikufa kwa figo. Jinsi ilivyoanza hakuna aliyewahi kumwambia.

"Twende hospitali," alisema. "Leo hii. Nafunga duka, twende."

"Siendi. Nikiambiwa tu, nakufa siku hiyo hiyo. Najijua." Wifi akasimama katikati ya chumba, akainua mikono. "Nipime. Wewe una tepu. Unavijua vipimo vyangu tangu mwaka jana."

Basi akampima. Tepu ilizunguka kiuno, na pale ilipokutana, fundi aliisoma namba mara mbili. Kiuno kilikuwa kimepungua. Nyonga zimepungua. Mikono ya wifi yake imeanza kuwa ya mtu mwingine. Mwanamke yule alikuwa akikonda ndani ya nguo zinazombana, na anaamini anavimba.

"Nimeongezeka?"

Hapo ndipo njia ilipokuwa wazi. Alitakiwa kusema neno moja tu: umepungua. Lakini neno hilo lingefuatwa na swali, mbona nguo zinabana, na swali hilo lina jibu moja duniani, na jibu lenyewe lilikuwa limekaa pale kwenye kiti cha cherehani.

"Kidogo," alisema. "Kidogo tu. Haidhuru."

Wifi akalia. Akamwangukia shingoni akamkumbatia kwa nguvu, mwanamke ambaye hajawahi kumkumbatia tangu aingie ndani ya ukoo ule. "Nisamehe mdomo wangu," alisema. "Wewe peke yako ndiye ninayeweza kukuambia. Wewe huna neno na mtu." Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, wakimaanisha ndugu na jirani. Kwa Wifi kilikuwa nguoni kweli kweli, na aliyekitia ndiye aliyekuwa akimpigapiga mgongoni kumtuliza.

Kuanzia siku ile nyumba ikawa na amani, na Mama Haidhuru hakuweza kuila wala kuinywa ile amani. Wifi aliosha vyombo. Wifi alisifu mchuzi ambao hakuuonja. Watoto walinong'ona, mama, shangazi ana nini, mbona ameacha kutusema. Kitu alichokitamani kwa miezi alikuwa amekipata chote, akakiona hakitazamiki. Akipiga magoti kumwombea wifi yake apone, anaona aibu mpaka masikio yanawaka: apone nini? Akijaribu kuomba msamaha, anaishia njiani, kwa sababu alijua Mungu angemuuliza kama ameshamwambia mwenyewe.

Halafu akapigwa na lingine. "Nilishapata chumba," Wifi alimwambia wakichambua mboga. "Kizuri, karibu na saluni. Nilikuwa nikuambie ile wiki niliyokuja kulia dukani. Nimemwambia mwenye nyumba basi, ampe mwingine. Kama ni kufa, nife kwenu."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alitaka wifi atoke, sasa kwa mikono yake amemfungia ndani, na yeye amejifungia naye.

Akafikiri akaona tundu la kutokea. Kama ubaya aliushona kimyakimya, si anaweza kuufumua kimyakimya? Wanawake wa kanisa, wakiongozwa na mama mchungaji, waliitwa na Wifi mwenyewe wakaja kumwombea, wakamwekea mikono chumbani kwake wakaimba. Kesho yake, Wifi akiwa saluni, Mama Haidhuru alifunga duka akaitoa kila nguo kabatini. Alifumua, akairudisha mishono palepale ilipokuwa, akapiga pasi mpaka alama zikapotea. Vidole vilimuuma. Alijiona ametua mzigo.

Ewe mwenzangu, njia ya mwongo ni fupi, lakini ina kona.

Asubuhi iliyofuata Wifi alivaa lile gauni la kijani, akarudisha mkono nyuma kuitafuta zipu, na zipu ikapanda yenyewe mpaka juu. Akaivuta nguo kiunoni, akaona inacheza. Alipiga magoti pale pale mbele ya kioo, akaweka paji la uso sakafuni, na Mama Haidhuru aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai alimsikia akinong'ona, "Umenikumbuka. Baba, umenikumbuka."

Kabla ya jua kuzama mama mchungaji alikuwa na habari, na kabla ya kesho yake kanisa zima lilikuwa nazo. Jumapili Wifi atatoa ushuhuda. Tena Jumapili hiyohiyo, baada ya ibada, ilikuwa imepangwa tangu zamani kwamba Mama Haidhuru afundishe somo kwenye kipindi cha wanawake, na somo lenyewe, mnajua tena, lilikuwa upole. "Mungu ana mipango," mama mchungaji alisema kwenye simu. "Tutakuwa na somo na mwalimu anayeliishi."

Na Wifi naye alikuwa ameweka nadhiri. "Nimemwambia Mungu, akiniponya, mlo mmoja kwa siku mpaka ninakufa. Ameniponya. Na hapa sitoki tena, wifi. Maombi yako ndiyo yananishikilia. Nikiondoka unaweza kurudi huu ugonjwa."

Jumamosi Wifi alianguka saluni, kitana mkononi, kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Wenzake walimrudisha nyumbani wamemshika huku na huku. Mashavu yalikuwa yamebonyea na midomo imepauka, na alikuwa akitabasamu. "Si ugonjwa," alimwambia Mama Haidhuru. "Ni njaa tu ya nadhiri. Mwili utazoea." Mama Haidhuru alimletea uji. Wifi aliusogeza pembeni kwa upole, upole wa kweli, na kusema saa ya kula bado. Fundi alitoka na ule uji mpaka jikoni, akausimamia, hajui aumwage wapi.

Jumapili asubuhi aliamka ameamua. Atasema kanisani. Wifi atakapoitwa mbele, yeye atasimama kwenye kiti chake, atasema mbele ya kusanyiko zima: ndugu zangu, hapana muujiza hapa, dhambi ni yangu. Aliyapanga maneno akiwafunga watoto viatu. Aliliona kanisa likinyamaza. Aliwaona wanawake wakifuta machozi, mchungaji akishuka madhabahuni kumkumbatia, na mama mchungaji akisema baadaye kwamba hajawahi kuona ujasiri wa toba kama ule. Hata sauti atakayoitumia aliisikia, ya chini, inayotetemeka kidogo.

Mkono ukasimama kwenye kamba ya kiatu.

Loh. Hata kwa toba alikuwa akijishonea gauni. Wifi angekuwa amesimama mbele na kipaza sauti mkononi, amedhalilika, na yeye angepigiwa makofi. Mama Haidhuru aliketi kwenye benchi la wateja akajiona kama alivyo. Miaka yote ile waliyomsifia upole, alikuwa mwoga. Alikuwa akiogopa uso wa mtu ukikunjika. Mtu mpole husema, mama, hilo neno limeniumiza, kisha anampa chai. Yeye alitoa chai akaweka hesabu. Na sasa hivi alikuwa bado anaogopa, anatamani lori la mumewe litokee barabarani aseme mgeni amefika, leo hatuendi.

Aliwatanguliza watoto kanisani. Kisha akaenda kwenye mlango wa chumba cha Wifi na kubisha, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wifi alikuwa amevaa gauni la kijani, zipu imefika nusu. "Afadhali umekuja. Nimalizie hii."

"Wifi, keti."

"Tutachelewa."

"Keti, tafadhali." Wifi akaketi ukingoni mwa kitanda. Mama Haidhuru alibaki amesimama, kwa sababu aliona akiketi atanyamaza. "Wewe huumwi. Hukuwahi kuumwa. Nguo nilizibana mimi, kwa mashine, ubavuni, kidogo kidogo. Zote. Na juzi nikaziachia. Siku ile nilipokupima ulikuwa umepungua. Nikakudanganya."

Wifi alimtazama. Mdomo ule uliozoea kufika kabla ya mwenyewe ulikuwa umefunguka na hautoi kitu.

"Kwa hiyo siumwi?"

"Huumwi."

"Figo."

"Figo zako sizijui, lakini nguo hazikubana kwa ajili yake. Ni mimi."

"Kwa hiyo sifi." Hakuuliza. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili, akainama, mabega yakaanza kutikisika, na Mama Haidhuru hakujua kama analia au anacheka mpaka aliposikia yote mawili. Hilo ndilo lililomchoma kuliko tusi. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hakuwa amejiandaa kuona jinsi mtu mzima anavyofurahi kuambiwa ataishi. Kwa wiki zote zile, upande wa pili wa ukuta, mwanamke huyu alikuwa akilala na kaburi lake, na aliyemchimbia alikuwa akimletea chai.

Hasira ilikuja, usiwe na wasiwasi. Ilikuja na kiatu, kikampita fundi sikioni kikagonga kabati. "Nilikataa chumba," Wifi alisema. "Niliwaandikia watoto wa dada yangu nani achukue nini. Nilikuangukia shingoni. Shingoni kwako, wewe mwanamke. Kwa nini?"

"Nilikuwa na hasira na wewe."

"Lini?"

"Ulipowaambia wateja mimi ni mto. Na kabla ya hapo. Na watoto wangu kulala chini."

"Ulisema haidhuru."

"Ilidhuru." Neno lilimtoka kwa shida, hakuwahi kulitumia. "Ilinidhuru sana, wifi. Nilitakiwa kukuambia siku ileile. Sikukuambia, nikakufanyia unyama. Mdomo wako ni wako, lakini hili ni langu lote."

Wifi akavua gauni, akavaa kanga aliyolalia, akaenda jikoni, na Mama Haidhuru akasikia kifuniko cha sufuria. Alipomfuata alimkuta amesimama, anakula kiporo cha jana kwa mkono, harakaharaka, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni na hayafuti.

"Sijakusamehe," Wifi alisema na mdomo umejaa.

"Najua."

Wakasikia hodi. Mama mchungaji, Biblia kwapani na kilemba cha Jumapili, alikuwa amekuja kuwachukua. Alimkuta shahidi wake mkuu yuko na kanga, mkono umejaa wali. "Jamani, mbona hivi? Mchungaji ameshaweka ushuhuda mwanzoni kabisa."

"Ushuhuda haupo, mama," alisema Wifi. "Sikuwa mgonjwa. Nguo tu zilikuwa zimebana." Akarudi kwenye sufuria.

Hapo angeweza kunyamaza. Hakuna uongo uliosemwa. Wifi, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alikuwa amemwachia pazia ajifunike. Mama Haidhuru aliona vizuri kabisa jinsi Jumapili ile ingekwenda, somo lake la upole, kina mama wakiitikia amina.

"Nilizibana mimi, mama mchungaji," alisema. "Makusudi. Kumkomoa. Akadhani anavimba kama mama yake. Na leo siwezi kufundisha lile somo. Sistahili."

Mama mchungaji alimtazama, kisha akamtazama Wifi, kisha uso wake wote ukalainika. Akamshika fundi mkono. "Unaona sasa?" alisema. "Unaona? Dada wa watu ameona haya kwa kelele zote zile, na wewe unajibebesha kosa ili asiaibike. Huo ndio unyenyekevu tunaousema."

"Mama, si utani. Nimefanya kweli."

"Wewe? Wewe hata nzi humfukuzi." Akacheka kwa upendo. "Ungesema mtu mwingine yeyote ningeamini. Haya, vaa viatu. Na hilo unalosema la kutostahili, ukalisemee palepale mbele, kina mama walisikie." Akampigapiga begani, akatoka kwenda kuwahi ibada, na walimsikia barabarani akimwambia jirani kwamba watu kama yule fundi wamebaki wachache.

Mama Haidhuru alibaki ameshika mlango. Alikuwa amesema kweli mara ya kwanza tangu azaliwe, na kweli imegonga jina lake jema ikadunda ikarudi. Akajua atakwenda kuisema tena mbele ya kina mama, na watatikisa vichwa wakimsifu, na ataisema tena wiki ijayo, na huenda hakuna siku watakayomsikia. Alijisikia kama mtu aliyefungiwa nje ya ngozi yake. Machozi yakamtoka, na hakuwa na wa kumlilia.

Nyuma yake sufuria ilinyamaza.

"Mimi nakuamini," alisema Wifi.